Masizi ya Jikoni kwa Yudita

Ukiingia sebuleni kwa Yudita, pale Mpemba, jirani na Tunduma, kabla hujakaribishwa kiti utaiona picha moja imetundikwa juu ya kabati la vyombo. Wageni wengi hudhani imeharibika. Ni nyeusi karibu yote, ina michirizi ya mwanga inayokatiza huku na huku, na katikati amesimama mtoto wa kike wa miaka mitano, gauni jeupe, beseni la karanga mikononi, anacheka. Kuna mchungaji mgeni aliwahi kuuliza kama picha ya namna ile haiwatishi watoto. Nilikuwepo siku hiyo. Nilimjibu kwa ukali ambao mtumishi wa Mungu hakustahili, na Yudita akanitazama tu, akaenda kuleta chai.

Picha ile niliipiga mimi, halafu akaipiga yeye. Naweza kueleza sasa, kwa sababu studio nimeshaifunga. Tangu kila mtu awe na simu yenye kamera, sina tena jina la kulinda mjini.

Naitwa Seleman. Kwetu ni Tabora. Nilifika Tunduma mwaka themanini na saba, wakati wa ruksa, nikifuata sabuni na mafuta ya kupaka kutoka ng'ambo ya Zambia kama wenzangu wote. Sikuwa na kichwa cha biashara hiyo. Nikaona kwamba kila anayetaka kuvuka kihalali anatafuta picha ndogo, na wapiga picha walikuwa wawili tu, mmoja mlevi. Nikanunua kamera mbili zilizotumika, nikapanga chumba karibu na kizuizi cha mpaka, nikatundika pazia lililochorwa ndege na maporomoko ya maji. Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu kwa miaka ishirini na mitatu.

Watoto waliniita Sele Mbuzi. Mtoto humwambii cheka akacheka, utapata meno tu, macho yanabaki na hofu. Mimi nilikuwa nikishaweka kidole tayari nalia kama mbuzi aliyefungiwa nje ya zizi. Hakuna mtoto aliyewahi kunishinda kwa hilo. Mke wangu Raudha alikuwa akiona aibu hadi anaingia ndani.

Yudita yeye ni mtu wa Igamba. Aliolewa Mpemba na Makene, mkulima wa kahawa na mahindi, mpole, asiye na maneno mengi. Nilimfahamu kwa sababu ya kuta zake. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi na nyasi juu, kama za majirani, ila huwezi kupita ukashindwa kuiona. Kila mwaka baada ya mavuno alichota udongo mweupe mtoni na mwekundu kwenye kichuguu, mweusi akautengeneza mwenyewe kwa makaa yaliyotwangwa, akasiriba nyumba nzima kwa mikono yake. Kabla udongo haujakauka alipitisha vidole vinne, akaacha mifereji inayopanda na kushuka kutoka kona hadi kona. Kila mchoro aliupa jina. Huu matuta ya mahindi, huu njia ya siafu, huu kifua cha kanga. Wanawake walikuja kutoka Chapwa kuangalia tu, wakajaribu kwao, wakashindwa kwa sababu walikuwa wanafikiri. Yudita alikuwa hafikiri. Alikuwa anazungumza na mtu huku mkono unakwenda.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Goodness. Wawili waliomtangulia hawakumaliza mwaka. Huyu alikua, akawa mtundu wa kupindukia. Mwezi wa tisa mwaka tisini na nne, mama yake akiwa anasiriba upande wa mlangoni, mtoto alipita nyuma yake akibandika viganja kwenye udongo mbichi, kimoja baada ya kingine, usawa wa goti la mtu mzima, kutoka mlangoni hadi kona. Viganja kumi na kimoja. Yudita aliniambia aliinua mkono ampige, akaona mstari umenyooka kuliko wake, akaushusha. Akachora kifua cha kanga juu ya ule mstari, akauacha kama ulivyo.

Sasa nirudi nyuma mwezi mmoja, kwenye kosa langu.

Mwezi wa nane mwaka huohuo nilialikwa Igamba kanisani, sikukuu ya mavuno, kwenda kupiga picha. Mimi Mwislamu, lakini kamera haina dini, na kwaya ile ilikuwa na sare mpya. Nilipiga mkanda mzima, picha thelathini na sita. Kwaya, wazee wa kanisa, mahindi yaliyopangwa mbele ya madhabahu. Yudita alikuwa amekwenda kwa mama yake na mtoto. Akaomba moja ya Goodness, peke yake, kwa sababu hakuwa na picha hata moja ya huyo mtoto. Nikamsimamisha nje juani na beseni la karanga, nyuma yake mlango wa kanisa ulio wazi, giza tupu. Hakutulia. Nikalia kama mbuzi. Akacheka, nikabonyeza.

Watu wa picha za mkanda watanielewa hapa, wengine wavumilie kidogo. Mkanda ukiisha unaurudisha ndani ya kikopo chake. Mkanda mpya una ulimi nje, uliotumika unaumeza ulimi wote, na hivyo ndivyo unavyoitofautisha. Lakini Rubeni, aliyekuwa akinisafishia picha Mbeya, hakupenda kupasua vikopo. Alinitaka niache ulimi nje kidogo. Nikawa naacha, halafu naukunja ncha, iwe alama yangu kwamba huu umeshatumika. Tena mikanda mipya sisi wa mpakani hatukununua kwenye maboksi. Ilikuja kutoka ng'ambo mitupu, imejazwa kwenye mfuko wa nailoni kama dagaa. Yote niliitia kwenye kopo moja la maziwa, mipya na iliyotumika, nikitegemea ile ncha iliyokunjwa.

Jumatatu ile niliporudi kutoka Igamba nilikuta foleni mlangoni. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaniita kwa salamu ya kwao, "Mulishani, ba Sele, basi linaondoka!" Nikautoa mkanda wa Igamba kwenye kamera, nikautupa kwenye kopo, nikaweka mwingine. Ncha sikuikunja.

Wiki iliyofuata niliutafuta nisiuone. Watu wa Igamba walipokuja kuulizia niliwaambia maneno ambayo kila mpiga picha wa enzi zile aliyaweka mfukoni kwa siku mbaya: mkanda umeungua. Umeingia mwanga, umeungua, poleni sana. Ni uongo mzuri kwa sababu hauna mkosaji. Mwenyekiti wa kwaya alinifokea mpaka mate yakanirukia. Yudita hakufoka. Alisema, "Haya, Bwana Sele. Tutampiga nyingine."

Goodness alikufa mwezi wa kwanza. Malaria ilimpanda kichwani, siku mbili tu. Nilikwenda kuzika. Watu walilia sana, Makene alishikwa na wanaume wawili. Yudita alikaa kwenye mkeka ndani, miguu ameinyoosha, anaangalia mkeka. Baadaye nilisikia wanawake wakimsema, kwamba mama gani huyu halii. Mtu aliyefiwa na watoto watatu wanamdai machozi. Nilikasirika nikaondoka bila kula.

Wiki tatu baada ya hapo akaja studio, kwa miguu kutoka Mpemba. Nilikuwa sijui nimwiteje. Mama Goodness lilinishinda, Yudita peke yake nikaona ni kumvunjia heshima.

"Karibu, mama," nikasema. "Pole."

"Nimeshapoa, Bwana Sele." Alikaa kwenye kigoda cha wateja, uso hauna kitu. "Nimekuja kwa ajili ya ule mkanda."

"Mkanda upi?"

"Wa Igamba. Ulioungua."

Nikavuta daftari la wateja, nikalifungua.

"Nipe hivyohivyo ulivyo," akasema. "Hata kama umeungua. Yeye si yumo humo? Mimi sitaki kuona. Nataka niwe nao tu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kweli. Mimi nikamwambia nimeutupa. Nilisema haraka, nikajishughulisha na kufuta kamera ambayo haikuwa na vumbi. Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa duka la jirani limefungwa. Afadhali angenitukana.

Akakaa bado. Kisha akaniambia jambo la pili. Kwa ukoo wa Makene, mwezi ukitimia tangu mazishi, dada za mume huja kusiriba upya nyumba ya msiba, ndani na nje, ili mfiwa asiendelee kukaa na kuta zilizoona maiti. Mfiwa haruhusiwi kugusa udongo siku hiyo. Wifi zake walikuwa wanakuja Jumamosi. Wangepita na ule mstari wa viganja.

"Waambie wauruke," nikasema.

"Nimemwambia Ferista. Amesema ndio hasa unaotakiwa kufunikwa." Ferista ndiye dada mkubwa wa Makene. "Hajasema kwa ubaya. Anasema nitakuwa nakaa nao hapo mlangoni mpaka niwe kichaa."

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi nimekufa ganzi, Bwana Sele. Sioni chochote. Jana nimeshika sufuria ya moto nikasikia harufu kabla ya maumivu." Akanionyesha vidole. Vilikuwa na malengelenge. "Lakini nikiangalia zile kuta macho yanafanya kazi. Naona kila mfereji. Naomba unipigie picha za kuta."

Kama angekuja siku nyingine na maneno hayo ningemtania. Picha za ukuta! Siku ile nilitaka tu aondoke, nisimwone tena. Ndiyo kweli yenyewe. Nikamwambia sina nafasi ya kuja Mpemba, lakini nitamwazima kamera yangu ya zamani apige mwenyewe. Nikadhani atakataa. Akanyoosha mkono.

Nikamfundisha kwa dakika ishirini. Asimame hatua mbili kutoka kwenye ukuta, asiukaribie zaidi. Asipige mchana, jua likiwa juu ukuta unalala bapa kama karatasi. Apige asubuhi, jua likija kutoka ubavuni, kila mfereji utatoa kivuli chake.

"Na ndani usipige," nikasisitiza. "Jikoni usijaribu kabisa. Flashi sikupi, na bila mwanga mkanda haushiki kitu. Utapata weusi mtupu."

Nikaingiza mkono kwenye kopo la maziwa, nikatoa mkanda wenye ulimi nje, ncha imenyooka. Nikauweka kwenye kamera. Nilikuwa hata najiona mtu mwema.

Jumamosi nilihitaji ile kamera kwa arusi, nikaenda Mpemba mapema kuifuata. Nilimkuta Makene amekaa kwenye gogo nje, mikono katikati ya magoti.

"Siku ya tatu hii," akaniambia bila kunisalimu. "Wenzake wanalia, yeye anapiga picha kuta. Amepiga na jamvi. Amepiga na mashina ya kuni. Shati langu kwenye kamba amelipiga, nikamuuliza kuna nini humo, anasema mikunjo."

"Mwache, ndugu yangu."

"Namwacha. Mimi nilimkataza lini?" Akageuza uso. "Ila ningependa siku moja aniangalie mimi hivyo."

Yudita alikuwa mbele ya mlango, amepiga goti, kamera usoni. Nilimtazama akifanya kazi na niseme wazi, nilimwonea wivu. Mimi nilikuwa nimepiga picha maelfu na sikuwahi kungoja mwanga. Yeye aliungoja. Jua lilitokea nyuma ya migomba, likauparamia ukuta kutoka ubavuni, na vile viganja kumi na kimoja vikajaa vivuli kama mtu amevimwagia maji. Akabonyeza. Akasogea kiganja kinachofuata.

Akaniongoza kuzunguka nyumba akinionyesha alivyovipiga, sauti moja tu, kama anayesoma orodha ya shuleni. Sakafu ya kibarazani na alama za ufagio. Ufa wa mtungi. Tenga la kahawa, upande uliolegea. Mahali ambapo mbuzi hujikuna kwenye nguzo mpaka mti umeng'aa. Kisha tukafika mlango wa jikoni.

"Humu nimepiga moja," akasema.

"Si nilikukataza?"

"Alikuwa anakaa pale." Akaelekeza kona nyuma ya mafiga. Ukuta wote ulikuwa masizi, mazito, yanang'aa, yananing'inia kwenye nyasi kama kamba. Vijitundu vya paa vilichora michirizi ya mwanga. "Masizi nayo yana mchoro wake. Ukikaa muda unauona."

"Umeharibu picha moja," nikamwambia. Nilikuwa fundi, nilitaka kuheshimiwa angalau kwa hilo.

"Sawa," akasema.

Wifi walikuwa wamefika, wanne, na ndoo za udongo kichwani. Walisimama uani wanangoja, hawajui waseme nini mbele ya kamera. Mwisho Ferista akajikaza. Alikuwa mama mkubwa wa mwili, macho mekundu kwa kulia njiani.

"Wifi, udongo unakauka."

"Imebaki moja," Yudita akasema.

"Ipige basi, mama. Ipige tuanze."

Akapiga ya mwisho. Kiganja cha kumi na moja, kile cha kona, ambacho mtoto alikibandika akiteleza, kidole gumba kimeburuzika. Akanipa kamera. Ferista akachota udongo kwa mikono miwili, akaanza na mlangoni, akienda taratibu sana kwa mtu wa umri wake na uzoefu wake. Kila kiganja alikiwekea mkono wake kwanza, akatulia, ndipo akakifunika. Alikuwa akilia waziwazi. Yudita alisimama karibu yangu, mikono imening'inia, vidole vinne vya kulia vinajikunja na kujikunjua. Ukuta ulipoisha ulikuwa mwekundu mtupu, hauna mchoro wowote.

Jumatano niliupeleka mkanda Mbeya. Rubeni alinipokea akicheka kwa mbali.

"Sele, umezeeka. Huu umepigwa mara mbili."

"Haiwezekani. Mkanda mpya."

"Angalia mwenyewe."

Nikaziinua negativu kwenye dirisha. Nikaona mifereji ya ukuta. Ndani ya mifereji nikaona vichwa. Vichwa vingi vimepangwa safu, na kola. Nikajua kabla sijataka kujua. Ilikuwa kwaya ya Igamba.

Nikakaa kwenye boksi la dawa za Rubeni. Mkanda ulikuwa humo kwenye kopo miezi yote ile. Ulikuwa humo siku aliyotembea mama wa watu kwa miguu kuja kuniomba, hatua tatu kutoka kigoda alichokalia, na mimi nikamwambia nimeutupa. Tena nikautoa kwa mkono wangu, nikampa akapige juu ya mwanawe.

"Toa picha zote," nikamwambia Rubeni.

"Zote mbovu, ndugu yangu. Mwanga umepita mara mbili, hakuna mteja atakayezichukua."

"Nimesema toa zote!"

Zilitoka saa nane mchana. Viganja vilikuwa vimekwisha. Ukuta ulikuwa mweupe, jua zuri, na sare za kwaya nyeupe, jua zuri, vyeupe viwili vimelana. Kiganja kimoja kilibaki vidole viwili kwenye bega la mzee wa kanisa. Vingine ilikuwa ukungu mtupu. Niliipitia moja moja na kila moja ilinitukana.

Ya ishirini na sita ilikuwa ile ya jikoni. Pale palipokuwa na masizi, yeye hakuwa ameongeza mwanga wowote. Weusi wake haukufuta kitu. Uliacha kilichokuwemo kikae kama kilivyokuwa. Na kilichokuwemo alikuwa Goodness, mzima, kuanzia nywele hadi viatu, na beseni lake, anacheka. Mstari mmoja wa mwanga wa paa umempitia begani. Amesimama ndani ya masizi ya jiko la mama yake, kwenye kona yake, na mimi nilikuwa nimemsimamisha juani Igamba, mwendo wa nusu siku kutoka pale.

Sikurudi Tunduma siku hiyo. Nilishukia Mpemba. Njiani nilitunga uongo wa aina tatu, na mmoja ulikuwa mzuri kweli. Nilipofika nikamkuta Yudita anachambua maharage kwenye ungo, amekaa ameupa mgongo ule ukuta mwekundu. Makene alikuwa upande wa pili, ananoa jembe.

Niliweka bahasha chini. Nikasema yote. Ulimi wa mkanda, kopo la maziwa, kwamba haukuungua, kwamba sikuutupa, kwamba ulikuwepo wakati ananiomba. Nilisema kwaya imekula viganja. Makene alisimama na jembe mkononi na kwa muda niliona bora anipige nalo. Kisha akakaa tena.

"Viganja vyote?" Yudita akauliza.

"Vyote, mama. Nimebakiza vidole viwili."

Akaendelea kuchambua. Akatupa kijiwe. "Haya," akasema, sauti ileile. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa ganzi ni kitu gani. Mtu unamwambia umemzikia mtoto mara ya pili, anatupa kijiwe.

Nikaitoa ile ya ishirini na sita, nikaiweka juu ya maharage.

Aliitazama bila kuishika. Muda mrefu. Makene akaja akachuchumaa nyuma yake. Yudita akaweka kidole kwenye picha, hakugusa uso, aligusa pembeni, kwenye kamba za masizi, akazifuata moja hadi juu. Halafu mstari wa mwanga. Halafu bega.

"Anacheka nini?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Alikuwa hatulii. Nililia kama mbuzi."

"Ulilia vipi?"

"Kama mbuzi tu."

"Lia."

Nilimtazama Makene, anisaidie. Hakunisaidia. Mimi mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nimetoka kukiri uongo wangu, wifi wawili wa Yudita, waliobaki tangu Jumamosi, wanatuangalia kutoka uwanja wa jirani. Nikaanza, sauti ikatoka mbovu, kavu.

"Si hivyo," Yudita akasema. "Ungelia hivyo asingecheka. Lia kama ulivyomlilia."

Nikapiga magoti, kwa sababu kwa mtoto mdogo lazima upige magoti. Nikafumba jicho moja kama niliyeshika kamera. Nikalia kwa nguvu zangu zote, kama mbuzi aliyefungiwa nje ya zizi, na mbuzi wao aliyekuwa kwenye nguzo akaitika.

Yudita akacheka. Ulikuwa mcheko mmoja mfupi, uleule wa kwenye picha, na haukumaliza kutoka kabla haujageuka kilio. Ungo ulianguka, maharage yakatawanyika uani. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu, na Makene akamshika, na Ferista akaja mbio kutoka kwa jirani akiuliza nani amekufa. Nilibaki pale chini, nikaanza kuokota maharage.